Mita Inasoma Volti 12, Taa Haiwaki: Kusaka Hitilafu ya Taa za Boti

Betri imechajiwa. Balbu imetolewa, ikagusishwa moja kwa moja kwenye betri, ikawaka. Mita ya kupimia volti nayo ikiwekwa kwenye holda, yaani kishikio cha balbu, inasoma 12.5. Balbu inarudishwa mahali pake: giza. Kwenye mialo (vituo vya boti) ya Uganda, kuanzia Ggaba na Kasenyi kwenye Ziwa Victoria hadi Wanseko na Ntoroko kule Ziwa Albert, hapo ndipo nahodha anapoanza kununua vitu. Ananunua balbu, kisha holda, kisha betri. Mara nyingi vyote vitatu vilikuwa vizima. Kosa liko kwenye waya, hasa waya wa hasi, na mita haikudanganya. Iliulizwa swali lisilofaa.

Kabla ya kushika bisibisi, tukumbushane taa hizi zinatakiwa kufanya kazi gani, maana nusu ya marekebisho mabaya hutokana na fundi kufurahia kwamba "zinawaka" bila kujali zinaonekana kutoka wapi. Kwa kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, taa nyekundu hukaa kushoto na ya kijani kulia. Kila moja huonekana kwa nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu. Nyeupe ya mbele, iliyo juu, humulika nyuzi 225, na nyeupe ya tezi, yaani ya nyuma ya chombo, humulika 135 zilizobaki. Chombo cha injini chenye urefu wa chini ya mita 12 kinaruhusiwa kuweka nyeupe moja inayoonekana pande zote badala ya hizo mbili, pamoja na nyekundu na kijani. Chombo cha chini ya mita 7 ambacho hakiwezi kuzidi noti 7, yaani kama kilomita 13 kwa saa, kinaweza kutumia nyeupe hiyo moja tu, na rangi ziongezwe inapowezekana. Boti ya mbao ya futi 28 iliyozoeleka kwenye Ziwa Victoria ina urefu wa mita 8 na nusu hivi, kwa hiyo haimo kwenye msamaha huo wa mwisho.

Ziwa si bahari, na Uganda ina sheria yake ya usafiri wa majini ya mwaka 2021. Lakini rangi hizo ndizo anazozisoma nahodha wa meli ya mizigo inayotoka Port Bell, bandari ya Kampala, kwenda Mwanza. Isitoshe, usiku usio na mwezi maziwa yetu yamejaa taa nyeupe: za wavuvi wa samaki wadogo, mukene kule Victoria, muziri na ragoge huku Albert. Nyeupe peke yake inasema tu kwamba hapa kuna mtu. Nyekundu na kijani ndizo zinazosema anaelekea wapi.

Sasa turudi kwenye ile mita. Mita ya kidijitali haivuti umeme wa maana. Mkondo unaopita ndani yake ni mdogo mno, kiasi kwamba hata kiungio kilichooza, kilichobakiza nyuzi mbili za shaba zenye kutu, kinaupitisha bila taabu, na volti zote zinaonekana upande wa pili. Ni kama mpira wa maji uliokunjika: mwisho wake ukizibwa, msukumo ndani ni kamili, ukiachiwa, yanatoka matone. Balbu ya wati 10 inataka karibu ampea 0.8. Tena ikiwa baridi, uzi wake una ukinzani (nguvu ya kuuzuia umeme) mdogo sana, takriban sehemu ya kumi ya ule unaokuwa nao ikiwaka. Basi kiungio kibovu chenye ukinzani wa omu 10 kinakula karibu volti zote, na uzi haupati hata nafasi ya kupata moto. Balbu inaonekana imekufa kumbe ina njaa.

Kwa hiyo kipimo cha maana ni kile kinachofanywa balbu ikiwa ndani na swichi ikiwa imewashwa. Anzia kwenye betri. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, kwenye 12.2 imebaki nusu, ikifika 11.8 imekwisha. Washa taa, pima tena kwenye vichwa vya betri, uandike. Halafu pima kwenye holda, taa ikiwa bado imewashwa. Tuseme betri inasoma 12.4 na holda 7. Volti 5.4 zimepotelea njiani, na kazi iliyobaki ni kujua njia ipi.

Hapa unahitaji waya mrefu wa kurefusha ncha moja ya mita ili ifike kutoka betri hadi omo, yaani mbele ya boti. Weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye hasi ya holda, taa ikiwa imewashwa. Waya mzima utasoma karibu sifuri, pengine 0.1 au 0.2. Ukisoma 5, umempata mwizi: yuko upande wa hasi. Ukisoma sifuri, fanya hivyo hivyo upande wa chanya. Kisha sogeza ncha ya holda kurudi nyuma, kiungio kimoja baada ya kingine, kuelekea betri. Mahali ambapo namba inaporomoka ghafla kutoka 5 hadi 0, umekipita kiungio kibovu sasa hivi.

Asiye na mita anaweza kufika pale pale kwa waya tu. Funga waya mrefu kwenye hasi ya betri, na mwisho wake uguse hasi ya holda, taa ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka kwa nguvu, hasi ya zamani imeoza. Mchezo huu usiufanye na waya wa chanya usio na fyuzi. Ukiteleza ukagusa chuma, waya unakuwa mwekundu mkononi mwako. Na kabla ya yote, tanki la petroli litoke botini na boti ipigwe upepo kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini kabisa, pale pale unapotaka kutoa cheche.

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu wa pwani walikuwa na lao la kusema, lakini fundi wa umeme wa boti anaweza kulichukua neno kwa neno. Betri iko ngamani, yaani chini kabisa tumboni mwa boti, au karibu na hapo, maji ya boti hukusanyika ngamani, na viungio vya hasi hutupwa huko kwa sababu "ni hasi tu". Chanya huheshimiwa kwa sababu ina swichi na fyuzi. Hasi zote hukusanywa fungu moja, zikasokotwa, zikafungwa tepu nyeusi, zikaachwa zioge.

Na hasi ya pamoja ikikatika, boti hufanya mambo yanayowafanya watu waseme umeme una jini. Chukua boti yenye nyekundu, kijani na nyeupe ya mbele zote kule omo, zinazotumia waya mmoja wa hasi. Nyeupe ya mbele na nyeupe ya tezi zina swichi moja. Nyekundu na kijani zina swichi yao. Ile hasi ya omo imekatika. Unawasha nyekundu na kijani: zinafifia, na taa nyeupe ya tezi, ambayo swichi yake imezimwa, inaanza kumulika kidogo. Unawasha swichi zote mbili: omo kote kunakuwa giza kabisa, na taa ya tezi inawaka vizuri kama haijui lolote.

Hakuna jini. Umeme umetoka betri, ukapita nyekundu na kijani, ukafika kwenye hasi iliyokatika na kukosa njia ya kurudi. Njia pekee iliyobaki ni kupanda kinyume kupitia balbu nyeupe ya mbele, kufuata waya wake wa chanya hadi taa ya tezi, ambayo hasi yake ni nzima, na hapo ukarudi nyumbani. Balbu kadhaa zimegawana volti 12, kwa hiyo kila moja imepata kidogo. Ukiwasha swichi ya pili, pande zote mbili za balbu za omo zinakuwa na volti 12, chanya inatazamana na chanya, na hakuna kinachopita. Ukiona taa moja inaamka kwa sababu nyingine imewashwa, usifungue swichi wala usibadilishe balbu. Nenda moja kwa moja kwenye hasi ya pamoja ya zile taa zinazofifia.

Taa za LED hazionyeshi dalili hiyo, kwa kuwa haziruhusu umeme kupita kinyume. Ukigeuza chanya na hasi, nyingi hazitawaka kabisa, na huo ni ukaguzi wa kwanza kwa LED mpya isiyowaka. LED zina tabia nyingine inayonitia wasiwasi zaidi: zinaficha ugonjwa. Taa ya wati 2 inavuta chini ya ampea 0.2. Kile kiungio cha omu 10 kilichoua balbu ya wati 10 kitapoteza volti kama 1.7 tu, na LED nyingi za boti zitawaka bila kulalamika. Mwenye boti anaondoa balbu, anaweka LED, "tatizo limekwisha". Kiungio kinaendelea kuoza taratibu hadi usiku wa mawimbi. Ukihamia LED, hamia na viungio vipya.

Unene wa waya nao una hesabu yake, na ni hesabu fupi. Waya unaotoka betri iliyo nyuma hadi omo ya boti ya futi 28, ukifuata mataruma (mbavu za boti), ni kama mita 9. Kwenda na kurudi ni 18. Ukitumia ule waya mwembamba wa spika, wa milimita mraba 0.5, umbali huo una ukinzani wa kama omu 0.63. Balbu mbili za wati 10 huvuta jumla ya ampea 1.7, hivyo volti moja nzima inapotea njiani hata kama hakuna kiungio kibovu. Volti moja kati ya 12 inaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti: umepoteza karibu robo ya mwanga. Waya wa milimita mraba 1.5 unapoteza kama 0.36 tu, yaani asilimia 3, na hapo ndipo mafundi wa boti wanapoweka mpaka kwa taa za usalama.

Dukani Kampala, chagua waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene ni shaba nzuri, lakini mtikisiko wa injini unauchosha mpaka unakatika ndani ya ganda lake, na kwa nje huoni kitu. Jaribu pia kuukwaruza kwa kisu. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Uache hapo hapo mezani. Ukiwa mweupe juu na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, waya halisi wa boti, na kama bei yake unaimudu usisite.

Viungio ndiko kwenye vita. Watu husema maji yetu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo kutu si tatizo kubwa kama Mombasa. Ni kweli kwamba chumvi huharakisha mambo. Lakini maji ya ziwa yakikutana na shaba inayopitisha umeme kila usiku, kazi itafanyika tu, kwa mwaka badala ya mwezi. Menya kiungio cha kusokota kilichofungwa tepu: juu kuna unga wa kijani, chini shaba imekuwa nyeusi kama masizi. Maji hupanda kati ya nyuzi, ndani ya ganda la plastiki, kwa hiyo kukata sentimita moja na kusokota upya hakusaidii. Kata, tazama, kama bado ni nyeusi, kata tena, mpaka uone shaba inayong'aa. Wakati mwingine unaishia kuutupa waya wote, na hilo ndilo jibu sahihi. Kiungio kipya kibanwe kwa koleo la kubania, kivalishwe mpira unaojikunja kwa moto, ule wenye gundi ndani, kisha kifungwe juu ya ubavu wa boti, mbali na ngama. Waya unaoingia kwenye taa uache uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji yadondoke kabla ya kuingia ndani.

Swichi ni fupi kueleza ila ina mtego mmoja. Ukitia nanga usiku, nyekundu na kijani zinazimwa na nyeupe ya pande zote inabaki. Watu hununua swichi ya pande mbili yenye kituo katikati: juu safari, chini nanga. Fundi anaunganisha mguu wa juu kwenye nyekundu, kijani na nyeupe. Mguu wa chini kwenye nyeupe. Akijaribu nanga, zote zinawaka! Bila shaka, kwa sababu nyeupe imeunganisha ile miguu miwili, na umeme unapita kwenye waya wa nyeupe kurudi kwa nyekundu na kijani. Dawa ni swichi yenye safu mbili za miguu, au, kwa maoni yangu bora zaidi, swichi mbili za kawaida: moja ya nyeupe, moja ya rangi. Kila fundi wa mwalo ataielewa bila kuchorewa.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20 hivi, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, na waya ulio kabla ya fyuzi haulindwi na kitu. Kwa waya wa 1.5, fyuzi ya ampea 5 inatosha taa zote. Ikiungua mara moja, badilisha. Ikiungua tena, kuna shoti, na kuendelea kuilisha fyuzi mpya, au kufunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala yake, ni kuiandalia boti moto. Chukua balbu ya taa kubwa ya gari, iweke mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo, balbu hiyo inawaka kwa nguvu zote na haiunguzi chochote. Sasa chomoa taa za boti moja moja, tikisa waya hapa na pale. Wakati balbu inapofifia ghafla, umeshika mahali penyewe. Mara nyingi ni pale waya unapopita kwenye tundu la taruma lenye makali, au chini ya msumari wa mtu aliyetengeneza kiti.

Kuna boti ambazo waya wote ni mzima lakini taa zinakufa mapema. Piga hesabu ya betri. Betri ya bodaboda ya ampea-saa 7 ikilisha balbu tatu za wati 10 inatoa ampea 2.5; haidumu hata muda wa saa tatu. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, na giza hudumu kama saa kumi na mbili kila siku ya mwaka. Anayetumia paneli ya sola aangalie pia kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri: nyingi hukata taa zenyewe betri ikishuka karibu na volti 11, na asubuhi betri ikishapumzika inasoma vizuri, fundi anabaki anakuna kichwa.

Na injini. Baadhi ya injini za kuwasha kwa kamba zina koili ya taa, yaani ya kuzalisha umeme wa taa, lakini umeme wake ni wa kupishana, na volti zake hupanda kadiri unavyokaza mwendo. Balbu ya uzi ilivumilia. LED iliyounganishwa moja kwa moja huko itapepesa, kisha itaungua ukifungua mafuta. Dalili yake ni kwamba taa huungua ukiwa safarini, kamwe si ukiwa umesimama. Weka regyuleta inayogeuza umeme uwe wa njia moja, ichaji betri, halafu taa zote zitoke kwenye betri.

Ukimaliza, usijaribu taa ukiwa umekaa ndani ya boti. Mtu asimame ufukweni na boti izungushwe taratibu majini. Kutoka mbele kabisa aone rangi zote mbili pamoja na nyeupe; kutoka ubavuni aone rangi moja na nyeupe; kutoka nyuma aone nyeupe tu. Kama anaona kijani akiwa upande wa kushoto, holda zimebadilishana au kibao cha kuzuia mwanga hakipo. Kama umetia LED nyeupe ya baridi ndani ya kioo cha kijani, muulize anaona rangi gani, kwa sababu huwa inaelekea buluu. Nunua LED ya rangi yenyewe. Na aitazame ile nyeupe ya pande zote wakati abiria wamesimama na magunia yamepangwa. Mlingoti wa futi tatu unatosha boti ikiwa tupu. Ikijaa watu, taa inageuka kuwa ya kuwamulikia migongo, na meli inayotoka Port Bell haioni kitu.